Taa ya Behewa la Mwisho

Wema hauozi, husema watu. Kuluthumu naye alisema hivyo, mpaka siku wa kwake ulipoanza kunuka.

Ni fundi simu wa Area D. Kibanda chake cha mbao kimeegemea ukuta wa duka la dawa, na vita yake kubwa si simu zenyewe bali vumbi. Upepo wa Dodoma ukiamka hauna adabu, unaingia mpaka ndani ya spika. Ndiyo maana kila kifaa mezani pake hulala chini ya kanga, kama mtoto mchanga.

Ufundi alifundishwa na mjomba wake, fundi redio wa Kondoa, mtu wa maneno machache na makali. Mjomba alimfundisha kulehemu: risasi iyeyuke vizuri, iushike waya, ipoe bila kutikiswa, kisha uuvute waya. Ukichomoka, umejidanganya. Akamfundisha na adabu moja ya mafundi, kwamba kazi ya mwenzako hairudiwi kwa siri. Kama imeharibika, mwambie usoni, hata akinuna wiki nzima. Fundisho la kwanza Kuluthumu alilishika barabara. La pili lilimshinda, na lilimshinda kwa sababu ya Mzee Batholomeo.

Mzee Batholomeo alikuwa jirani, mgane, mstaafu wa kituo cha umeme cha Mtera. Zamani, mtu akilalamika kwamba umeme umekatika, yeye aliona ametukanwa. Kisha kiharusi kidogo kilimpitia, kikamwachia uhai na mkono wa kulia unaotetemeka. Mkono huo aliutia mfukoni mwa koti, na koti hakulivua hata jua lilipokuwa la kukaangia mayai. Watu wakadhani ni uzee wa kupenda makoti.

Siku moja binti yake Devota, anayefanya kazi ng'ambo, akamtumia boksi. Ndani mlikuwa na treni ndogo ya plastiki, vipande vitupu vya kuunganisha mwenyewe: kichwa, mabehewa, viti vidogo kama punje za mtama. Daktari alikuwa amesema mkono upewe kazi. Mzee akalileta boksi kibandani kwa Kuluthumu.

"Mbukwa, fundi!"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mgogo akikusalimu mbukwa nawe useme mbukwa, wewe mtu wa Kondoa, utajifunza lini? Haya, tazama. Treni nzima, haina hata taa moja! Mtu wa Mtera nikae na treni ya gizani?"

Basi wakakubaliana. Kuluthumu angetoa vitaa vya LED, vile vidogo vinavyotolewa kwenye taa mbovu, pamoja na nyaya nyembamba za simu zilizokufa. Mzee angelehemu mwenyewe. Katika kila behewa viwekwe vitaa viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Behewa la mwisho tu ndilo wangegawana, taa ya mbele ya Mzee, ya nyuma ya Kuluthumu. "Ili usiseme mie mchoyo," alisema Mzee.

Mchana ule wa kwanza Kuluthumu hakuusahau. Mzee alitoa mkono mfukoni kwa kuuiba, akadhani Kuluthumu hatazami. Ncha ya chuma cha moto ikacheza juu ya waya, risasi ikadondoka pembeni, ikadondoka tena. Mwisho ikakaa juu ya kiungo, donge la kijivu, limekaa tu wala halijashika kitu. Akafunga betri. Hakuna kilichowaka. Alirudisha mkono mfukoni, uso umemshuka, akasema ana usingizi, akaenda zake.

Uso ule ndio uliomponza Kuluthumu. Alipobaki peke yake alivuta waya, ukachomoka bila ubishi. Akaulehemu upya, akapunguza mng'ao kwa kucha ili kazi isionekane ya mtu mwingine. Kesho yake Mzee alifunga betri, taa ikawaka, na mtu mzima yule akapiga kelele mpaka mwenye duka la dawa akatoka nje.

"Imewaka! Jana ilikuwa betri tu!"

"Ilikuwa betri, Mzee," alisema Kuluthumu.

Hapo ndipo alipomvika kilemba cha ukoka. Na kilemba cha ukoka kina tabu moja: ukishamvika mtu, lazima ukinyweshee kila siku kisinyauke. Kila Mzee alipoondoka, Kuluthumu alirudia kazi yake, behewa baada ya behewa. Alijiambia ni huruma. Ilikuwa huruma kweli, lakini ndani yake mlikuwa na utamu wa kuwa mtu anayejua asichojua mwenzake, na utamu huo hakujiambia.

Taa moja tu ilimponyoka. Behewa la mwisho Mzee alilifunika paa akaligandisha kwa gundi kabla ya kulijaribu, furaha imempanda kichwani. Taa zikawashwa, na ndani ya behewa lile taa moja ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Madirisha yalikuwa yamebandikwa karatasi nyeupe, kwa hiyo huwezi kujua ni ipi kati ya zile mbili. Mzee yeye alijua papo hapo.

"Taa yako inanikonyeza, mwanangu! Huoni haya, na mie ni mzee wako?"

Kuluthumu alicheka, akaukubali utani. Kila mteja aliyekuja alionyeshwa treni, akaambiwa taa ya fundi kijana ni ile inayokonyeza, na zinazotulia ni za mkono wa mzee. Koti likaanza kuachwa nyumbani.

Sasa, mtu aliyepona hakai bure. Mama Paulina, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa analea vifaranga na alitaka taa ya joto ivutwe mpaka bandani. Mzee akasema kazi hiyo ni yake. Kuluthumu alisikia. Alikuwa na simu ya mteja mkononi, na mdomo ulifunguka, ukafumba. Alijiambia ataenda kukagua jioni. Jioni ikaja na wateja wake, na taa ya Mzee ikawashwa bandani bila kukaguliwa.

Asubuhi moja banda likashika moto. Maranda waliyolalia vifaranga ni maranda, hayasubiri. Mama Paulina alitia mkono ndani kuokoa alichoweza, akatoka ameungua mpaka kiwiko, na vifaranga wote wamekwisha.

"Umeme huo," walisema majirani. "Ulikatika, ukarudi kwa kishindo." Mzee naye akasema hivyo hivyo, tena kwa uchungu wa mtu anayesikia ndugu yake akisemwa.

Kuluthumu alikwenda kutoa pole. Watu walipokuwa sebuleni, yeye alizunguka nyuma, akafukua majivu kwa kijiti. Waya aliuona. Kisha akakiona kiungo: donge la kijivu, limekaa juu ya waya wala halijaushika. Kiungo kisichoshika huchemka, na kikichemka huungua. Na donge lile alilijua, amelivunja mara nyingi mezani pake. Alikitia kiungo kwenye mkoba wake na kuaga, akiwa na haraka ya mwizi.

Alikaa nacho. Alikuwa akila, anakikumbuka. Akiswali, anakikumbuka. Angekuwa ameua kwa hasira angalau angejua la kutubu, lakini aliua vifaranga na kuunguza mkono wa mama wa watu kwa upole, na upole huo huo bado ulimnong'oneza anyamaze. Mzee ataumia. Mwache, wamekwisha kulaumu umeme.

Pengine angenyamaza. Lakini Mzee alikuja kibandani, amechangamka, hana koti.

"Niazime chuma chako cha kulehemu, mwanangu. Namrudishia Mama Paulina taa ya banda, safari hii naweka na swichi. Kisha navuta mpaka chumba cha wajukuu zake, watoto wanalala gizani."

Kuluthumu alikiona chumba kile akilini, mkeka na watoto juu yake. Akafungua mkoba, akaweka kiungo mezani, kando ya treni.

Mzee alikichukua. Hakukitazama sana, alikipapasa kwa kidole gumba, kisha akavuta. Waya ukachomoka.

"Umekitoa wapi?"

"Bandani kwa Mama Paulina."

Upepo ulipita, kanga zikainuka mezani zikalala. Mzee aliitazama treni.

"Na humu ndani?"

"Nilizirudia, Mzee. Ukiondoka, nilikuwa nazirudia."

"Ngapi?"

"Zote nilizoweza kuzifikia."

Kisha kidole chake kikagusa behewa la mwisho, paa lililogandishwa.

"Hili sikukuachia nafasi."

"Hukuniachia."

"Basi inayokonyeza..."

"Ni yako, Mzee. Yangu ni ile iliyotulia."

Mzee Batholomeo alikaa kwenye stuli ya wateja. Kuluthumu alianza kulia, akasema alimwonea huruma, akasema hakumcheka hata siku moja, wallahi.

"Ungenicheka," alisema Mzee taratibu. "Ningekasirika, ningekutukana, ningeenda kulala. Na vifaranga wa Mama Paulina wangekuwa wanadonoa."

Yalikuwa maneno ya mjomba wa Kuluthumu yale yale, yamekuja kwa mdomo mwingine, na yamechelewa.

Mzee akainuka. "Twende."

"Nitasema mimi, Mzee. Kosa ni langu."

"La kwako utasema. La kwangu huliwezi, acha kunifanyia kazi zangu."

Wakaenda, yeye mbele, mkono umo mfukoni mwa suruali. Mama Paulina aliwapokea mlangoni, bandeji imemfika kiwikoni, akahangaika kuvuta viti kwa mkono mmoja. Kuluthumu alitaka kumsaidia, akaona hastahili hata kugusa kiti cha nyumba ile.

"Karibuni jamani! Fundi wangu, umekuja kunifungia taa? Wajukuu wameniuliza tangu asubuhi."

Mzee hakukaa. Alitoa mkono mfukoni, safari hii bila kuuiba, akaunyoosha mbele ya Mama Paulina, na kuuacha hapo utetemeke. "Si umeme. Ni huu."

Mama Paulina aliutazama mkono. Akautazama wa kwake. Kisha akamgeukia Kuluthumu.

"Na wewe," aliuliza, "ulikuwa unajua?"