Jogoo Mlevi wa Pasi

Anayetaka kupiga miayo apige sasa, maana habari za dobi huyu hazipendi kukatizwa.

Watu walimwita Nyoosha, na jina alilopewa na mama yake sijui liliishia wapi. Alikuwa akipiga pasi kwenye baraza la duka la vyombo vya chuma: masufuria, majembe, bawaba, na pasi za mkaa zimepangwa rafuni kama bata. Mwenye duka, tumbo mbele yeye nyuma, alimpa baraza lile kwa hesabu zake. Watu wamwone dobi akiitelezesha pasi, waitamani, waingie ndani wanunue.

Na wa kuitamani hawakukosekana. Pasi ile! Nyoosha akishamaliza suruali, nzi aliyetua kwenye upindo wake alianguka vipande viwili. Siku moja alipiga shati la mzee mwenye kibiongo. Mzee akalivaa, akaenda zake amenyooka kama mlingoti, na mkewe akamfungia mlango akidhani ni mwanamume mgeni. Asiyeamini akamwulize huyo mke.

"Hakuna pasi kama hii chini ya jua," Nyoosha alimwambia kila aliyesimama. "Nzito, inashika moto, na inateleza kama ulimi wa mwongo. Inunue! Ila jogoo wake ni mlevi."

Jogoo ni kile kikomeo cha mbele kilichofuliwa kwa sura ya jogoo, ndicho kinachobana mfuniko juu ya makaa. Pasi ikipata moto sawasawa jogoo hulegea, mfuniko hufunuka, na makaa hayaulizi njia.

"Mfunge shingo kwa waya," Nyoosha alimalizia, "mtaishi kwa amani."

Mwenye duka alivumilia, akavumilia, mwishowe akatoka nje.

"We dobi, unakula na mimi au unanila mimi?"

"Nimekosa nini, bosi?"

"Kila mteja, jogoo mlevi, jogoo mlevi! Sifia uishie hapo. Hilo la jogoo likunje ulitie mfukoni. Nikilisikia tena, baraza hili si lako."

"Basi mwambie mhunzi aliyeifua amkaze huyo jogoo. Ni msumari mmoja tu, bosi."

"Nimekuweka hapa unipe maarifa? Likunje!"

Nyoosha aliangalia kivuli cha baraza, akaangalia meza iliyokwisha kuzoea viwiko vyake. Wateja wake walikuja pale hata wakiwa wamefumba macho. Nyumbani kulikuwa na mke, na mama mkwe anayekula kama moto wa nyasi. Akalikunja.

Aliyefuata kusimama mbele ya meza alikuwa msusi wa mtaa wa pili, ndiyo kwanza ameolewa, hata sauti yake bado ina haya.

"Kaka dobi, niichukue?"

"Ichukue, dada. Hakuna kama hiyo."

"Haina kasoro?"

Nyoosha akakohoa. Mwenye duka akadakia kutoka ndani, "Kasoro yake utaipenda kuliko mumeo!"

Wakacheka. Nyoosha naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekwamwa na mfupa.

Juma halijaisha, msusi akarudi anachechemea, mguu umeviringishwa kitambaa, pasi mkononi. Dukani hakuingia. Alikuja moja kwa moja kwenye meza.

"Jogoo amefunguka, kaka. Makaa yote mguuni." Akaiweka pasi mezani. "Mama mkwe ananishangaa. Anasema mtaa mzima unajua jogoo huyu mlevi, na wewe ndiye unayewaambia. Mbona mimi hukuniambia? Nilikukosea nini?"

 Hasira ilimpanda Nyoosha kutoka kwenye nyayo. Akaitua pasi yake kwa kishindo hata masufuria ndani yakaitikia.

"Bosi! Toka uone mguu wa mtu!"

"Punguza sauti, kuna wateja."

"Ndio ninaowataka hao hao! Jamani, njooni! Pasi hii naipenda. Nimeishika kuliko nilivyomshika mke wangu, na mke wangu anajua. Na jogoo wake ni mlevi, mlevi, mlevi! Dada huyu ameungua kwa sababu mimi nilifunga mdomo badala ya kumfunga jogoo!"

"Kumbe unaichukia bidhaa yangu!"

"Niichukie vipi? Mimi na pasi tumeoana, wewe mshenga tu. Na mshenga gani huyu anayejua bwana harusi mlevi, akaificha chupa?"

Kicheko kililipuka barazani. Mwenye duka akavimba mpaka vifungo vya shati vikaanza kuagana.

"Hama kwangu! Leo hii!"

"Nahama! Kazi yangu ni kunyoosha, we unanilipa kivuli nikunje maneno! Kaa na kivuli chako!"

Akajitwika meza kichwani, akavuka barabara na pasi yake. Upande ule hakukuwa na baraza wala mti. Jua lilikuwa kali hata makaa yakawa yanajiwasha yenyewe. Kabla hajafungua furushi la mtu, alimketisha msusi kwenye kigoda, akamfunga jogoo wa pasi yake kwa waya, akamkaza mpaka akakosa pumzi. Jioni mama mkwe wa Nyoosha alipopata habari alisema, "Tumeuza kivuli, sasa tutakula jua," na akala sahani mbili za ubwabwa kwa uchungu.

Siku ya pili Nyoosha alikuwa akitokwa na jasho juu ya shati la mtu, anaitangazia njia nzima, "Pasi nzuri kuliko zote, jogoo mlevi kuliko wote!" Mlango wa duka ukafunguka. Akatoka mke wa mwenye duka, pasi ya nyumbani kwake kwapani, akavuka barabara bila kutazama nyuma.

"Shemeji dobi, nifungie na huyu. Mume wangu ananiapia ni mzima, na zulia langu limekuwa chujio."

"Bosi anatuona, shemeji."

"Ndiyo maana nimekuja mchana. Kaza."

Nyoosha akachukua waya. Ng'ambo, barazani, mwenye duka alisimama peke yake kivulini.