Majina Kwenye Sebene

Harufu ya nyasi zilizolowa ikichanganyika na iliki ya pilau hunirudisha mpaka leo kwenye uwanja mmoja pembezoni mwa London, kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa. Watu walikuja tangu Ijumaa, wakapiga mahema, wakafungua mabuti ya magari na kuchoma nyama, wakisubiri tamasha kubwa la Jumamosi jioni. Bendi ya baba haikuwa na nafasi jukwaani. Ilialikwa kuchangamsha watu huku nje, kwenye maegesho. Walikuwa Watanzania wa mtaani kwetu, Thamesmead, wauguzi na makarani, waliofanya mazoezi sebuleni kwetu kila Jumapili mpaka jirani agonge ukuta. Mama alikuwa amechoka nao. "Baba Neema," alimwambia garini, "leo asipopatikana hata mtu mmoja wa kucheza, gitaa hilo linauzwa. Nataka sebule yangu." Baba alicheka. Mimi, Neema mwenyewe, sikucheka, maana gitaa lile nililipenda kama ndugu.

Wakaanza kupiga. Waingereza walikaa kwenye viti vyao vya kukunja, makoti ya mvua yamefungwa hadi kidevuni, wakitikisa vichwa kwa adabu. Wimbo ukaisha, wakapiga makofi. Wa pili, makofi tena. Hakuna aliyeinuka, nami nikalitazama gitaa. Lakini mama, pamoja na hasira zake zote, hakuweza kuona mtu ananusa pilau lake asimkaribishe. Akasimama na mwiko: "Karibuni! Come, come, chakula kipo!" Mgeni njoo, mwenyeji apone, na siku ile tulipona kweli. Wa kwanza kufika alikuwa mzee mwenye ndevu nyekundu, Colin. Baba aliposikia jina lake tu, akaingia kwenye sebene, pale gitaa linapokimbia na mwimbaji huwataja waliohudhuria, kama ilivyo desturi ya muziki wa dansi kwetu. "Colin! Colin wa ndevu, baba wa watu!" Colin akaduwaa, akaweka sahani chini, akaanza kurukaruka. Mdundo hakuwa nao hata wa dawa, lakini alicheza. Basi wakaja wengine, kila mmoja na jina lake, na sebene ikagoma kuisha. Kule ndani tamasha kubwa likaanza, wao bado wanasubiri kutajwa!

Nami nilisubiri. Baba alimtaja Susan, akamtaja hata mbwa wa Susan. Mwisho akamgeukia mama: "Mama Neema! Sebule ni yako, Mama Neema!" Mama aliutumbukiza mwiko sufuriani akaingia kucheza, nami nikamfuata mbio, kwani jina lile lilikuwa letu sote wawili. Niliruka mpaka viatu vikazama matopeni.

Siku hizi naishi Kilburn, na nyimbo zangu zote zimo kwenye simu. Zina sauti safi kuliko bendi ya baba, ila hakuna hata mmoja unaojua kwamba nipo. Vidole vya baba vimekakamaa. Gitaa limetundikwa sebuleni, na mama ndiye hulifuta vumbi. Mwezi uliopita nilimpeleka kwao binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Baba akalishusha gitaa, akapiga polepole, akikosea hapa na pale, akamtaja. Mtoto akaduwaa kama Colin.

"Again, Babu!"

Mama akaitikia kutoka jikoni: "Rudia, Baba Neema. Mimi hujanitaja."