Mlango wa Kijani Ghorofa ya Tatu

Tuliitwa tukatoe maoni juu ya nyumba ambayo bado haikuwapo. Ilikuwa imewekwa mezani katika kantini ya kambi: jengo la ghorofa nne la kadibodi nyeupe, lenye miti ya sponji na vijitu vya karatasi visivyo na nyuso vikitembea uani. Sisi wake wa mapolisi tulikaa kwenye mabenchi tukiwa na nguo zetu za kanisani na za Idi. Siku zile ukiitwa na serikali ulivaa vizuri hata kama hukujua unaitiwa nini.

Mume wangu hakuwapo. Ninalisema mapema ili msikae mkimngoja. Alikuwa polisi, analinda lango la ofisi moja kule Nakasero, na asubuhi moja ya kiangazi watu walikuja na gari, wakazungumza naye kwa tabasamu, akaingia garini kofia yake ikiwa mkononi. Aliyenisimulia hayo alinisihi nisiseme kwamba yeye ndiye aliyenisimulia. Nilikwenda kuuliza mara moja tu. "Rudi nyumbani, mama," waliniambia. "Iko safari ya kazi." Nikarudi nyumbani.

Tangu hapo nilikuwa kama mkono uliolaliwa ukafa ganzi. Nilipika, nilifua, nilikwenda Kalerwe kununua ndizi na majani ya maboga, na sikusikia kitu. Watu hudhani mke wa namna ile hushinda akilia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira ndogondogo tu: nilimkasirikia muuza nyanya, nikawakasirikia kuku wa jirani, na zaidi ya wote nikamkasirikia shemeji yangu.

Shemeji alikuja kwa basi kutoka kaskazini, akakaa kwenye kigoda, akasema kwa upole kwamba mama yao hali chakula. Alitaka mwanawe azikwe. Kwao, kama kwetu upande wa Kenya nilikotoka, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa tunda la mwegea, lile tunda refu na zito. Hulazwa kaburini mahali pake, watu wakalia, msiba ukaanuliwa. Nilimwambia shemeji, tena kwa ukali usiostahili mgeni, kwamba mtu aliye safarini hazikwi. Akanywa chai yake yote, akaaga, akarudi na basi.

Nilikuwa na sababu yangu. Mke wa polisi anapewa nyumba kwa sababu ya polisi wake. Nikikubali kwamba hayupo, nitatolewa kambini, na nikitolewa, akirudi atanikuta wapi? Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu mchana kutwa, hilo tu.

Tulikaa kwenye vibanda vya bati vya mviringo, safu kwa safu, vinavyofanana mpaka watu wazima walipotea. Mume wangu mwenyewe, akitoka lindo amechoka, aliwahi kuingia kwa sajini aliyepakana nasi, akavua viatu, akaketi, akaomba chakula. Mke wa sajini alimpakulia ugali wa mtama na mboga za ufuta, akamwacha ale mpaka akamaliza, ndipo akamwuliza, "Sasa bwana, utalala hapa pia?" Laini yetu nzima ya vibanda ilimcheka mwezi mzima. Alitafuta mabaki ya rangi ya lango la kituo chake, akaupaka mlango wetu kijani. Kambi nzima hapakuwa na mlango mwingine wenye rangi.

Huyo mke wa sajini ndiye aliyenifundisha kusema, "Iko safari." Alikuwa mtu wa kaskazini, mwili mkubwa, mdomo usio na pazia, lakini kwa jambo langu aliufunga kabisa. "Wewe Mkenya, sikia," aliniambia. "Funika kombe mwanaharamu apite."

Basi kule kantini, afande mmoja wa jeshi alisimama kando ya meza akaigonga kwa fimbo yake. "Serikali inaleta nyumba," alisema. "Sasa nyinyi mutoe maoni."

"Iko muzuri, afande," akasema mwanamke wa kwanza. "Iko muzuri sana, afande," akasema wa pili. Ikaendelea hivyo benchi zima, kama watu wanaopitisha kikapu cha sadaka.

Mchoraji wa jengo alikuwa kijana Mganda mwenye tai nyembamba, na uso wake ulizidi kushuka. "Banyabo," akatuita, kwa adabu ya Kiganda, "nataka museme kweri. Nyumba ni yenu." Nadhani alikuwa amesoma ng'ambo muda mrefu. Nilitamani mtu amwambie aketi.

Mke wa sajini akainuka. Alilizunguka jengo lile, akachungulia madirishani kwa jicho moja. "Jiko iko ndani? Na moshi ya makaa itaenda wapi? Na kinu yangu? Mimi nikitwanga huku juu, huyu wa chini ataita polisi."

Mtu akacheka. Mchoraji akaanza kuandika haraka haraka.

"Na mama mukwe?" aliendelea. "Kwetu bwana haoni mama mukwe hata akila. Sasa mama yangu akikuja kutembea, mutamulaza ghorofa ya juu, bwana yangu alale chini ya matako yake?"

Hapo wanawake walifunguka. Mmoja akauliza nguo zitaanikwa wapi, mwingine kuku watapanda ngazi vipi. Mwingine akasema choo hakiwezi kupakana na chakula, hata mbwa ana akili hiyo. Mchoraji alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Hata afande alicheka.

Mke wa sajini akaweka kidole kwenye ngazi za kadibodi. "Hii inapinda hapa, tena inapinda hapa. Watu wakibeba sanduku ya maiti, watapita wapi? Ama watamusimamisha wima, kama iko gwaride?"

Kicheko kilikatika. Mchoraji aliacha kuandika.

"Nani iko na maiti hapa?" afande akauliza.

Hakuna aliyenitazama. Ndivyo nilivyojua kwamba wote walikuwa wananifikiria mimi. Afande alitembea polepole mbele ya mabenchi mpaka akafika kwangu.

"Wewe hujasema kitu. Bwana yako iko wapi?"

"Iko safari, afande."

"Safari gani?"

"Ya kazi."

Alinitazama. Nilimtazama kifungo cha shati. Ningepaswa kuogopa, na nilijua hivyo, lakini hata hofu ilikuwa imenichoka.

"Haya. Toa maoni."

Nikaliangalia jengo. "Milango yote inafanana," nikasema. "Mtu akirudi, atajua yake namna gani?"

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Mke wa sajini aliinamisha kichwa. Mchoraji, maskini, alikuwa ameshapata kitu cha kushika. "Rangi," alisema. "Kira mlango na rangi yake!" Afande akafikiri kidogo, kisha akacheka akasema hayo ndiyo maoni, sasa askari mlevi hataingia kwa mke wa mwenzake. Tukapigiwa makofi, tukapewa soda.

Jengo lilipanda, kisha vibanda vikabomolewa. Lilipokwisha mji mzima ulikuwa na la kusema, maana kusema juu ya rangi hakukumpandisha mtu garini. Wauzaji wa soko la Nakasero waliliita kopo la peremende. Wengine walisema limependeza, angalau kuna kitu kipya mjini siku hizi. Jiko lilibaki ndani na moshi wake, ngazi zilipinda vilevile mara mbili, choo kilipakana na chakula. Katika maoni yote ya siku ile, yaliyokubaliwa yalikuwa yangu peke yake.

Nyumba sikupata. Nilipokwenda kuomba ufunguo, karani aliniambia kwa heshima kubwa kwamba ufunguo anapewa bwana mwenyewe, basi akitoka safari apite ofisini. Nilibeba godoro na sufuria nikahamia Kisenyi, chumba kimoja nyuma ya gereji, nikawa nashona vitambaa vya viti vya magari.

Mke wa sajini alipewa ghorofa ya tatu, mlango wa njano. Aliukataa. Alikwenda kwa mwenye mlango wa kijani wa ghorofa hiyohiyo akabadilishana naye, akamwongezea na kuku wawili. "Akirudi ataona kijani atabisha," aliniambia. "Si alishazoea kula kwangu? Mimi nitamulisha kwanza, halafu nitamuleta kwako." Sikumshukuru. Sikujua nianzie wapi.

Kila Jumapili nikitoka kanisani nilipanda ngazi zile. Alikuwa akinifungulia, na kabla ya salamu alisema, "Bado." Kisha tukanywa chai, akanitania kwamba nimekonda kama msumari, nikashuka. Niliishi kwa neno hilo moja. Bado si hapana.

Halafu sajini akahamishwa. Ilikuwa ghafla, katikati ya juma, lori likaja likawachukua na vinu vyao, na hakukuwa na mtu wa kunipa habari. Jumapili nilipanda kama kawaida. Kwenye ghorofa ya tatu nilimkuta mwanamke kijana nisiyemjua, brashi mkononi, kitambaa kichwani. Mlango ulikuwa wa kahawia, nusu ya chini ikiwa bado inang'aa.

"Karibu, mama," alisema. "Usiguse, rangi haijakauka. Unatafuta nani?"

"Nimekosea mlango," nikasema.

Nikashuka. Ngazi zikapinda mara ya kwanza, zikapinda mara ya pili, na kweli sanduku lisingepita pale. Kwenye kona hiyo ya pili mkono uliolaliwa ulianza kuamka, na kila mtu anajua unavyouma ukiamka. Nilishika ukuta. Mtu mmoja aliyekuwa akipanda aliniuliza kama ninaumwa. Nilimjibu ndiyo.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kituo cha mabasi, nikamtafuta dereva anayekwenda kaskazini, yule aliyemleta shemeji. Nikampa salamu za kumpelekea mama mkwe, nikamwambia awaambie wachume tunda la mwegea. Wasilifukie kabla sijafika.