Kuni za Msitu wa Baba

Tulihama Walukuba, kule Jinja, kwa sababu ya miti. Baba alipata kazi ya kulinda msitu wa mikaratusi juu kidogo ya Mbale, uliopandwa kwa fedha za Wazungu ili mlima usiporomoke. Mama, aliyezoea jiko la mafuta ya taa na majirani wa kupiga nao soga, alisema hajapata kuona mtu mzima akilinda vitu visivyoweza kukimbia.

Kisha nchi ya wafadhili ikakosana na serikali yetu ya wanajeshi. Mtaalamu wao akafungasha virago, akamwachia baba koti la mvua na agizo: usikatwe mti hata mmoja mpaka watakaporudi. Mshahara ukakoma. Baba aliendelea kupanda mlimani kila asubuhi, na hata leo nachoka nikikumbuka tu.

Mafuta ya taa nayo yakaadimika, mtaa wetu mpya wa Namatala wote ukageukia kuni. Siku moja likaja lori la kambi ya jeshi. Baba alisimama mbele yake, akaeleza habari za wafadhili. Askari mmoja, wala hakuwa mkali, akamjibu, "Mzee, toka njia. Hii miti ya serikali. Serikali ni sisi."

Wakajaza lori. Jioni baba alituambia kwamba iliyobaki bado ni mingi.

Kwetu nyumbani kuni za msitu ule zilikuwa marufuku. Tulipikia mabua ya mahindi, kisha tukachoma viti. Ndipo mdogo wangu akashikwa na kuhara, nesi akasema maji yake lazima yachemke. Mvua ilikuwa imelowesha mabua yote. Mama aliweka sufuria ya maji baridi miguuni pa baba.

"Baba watoto, atakayekuuliza habari za miti yuko kwao, anachemsha maji yake. Huyu wako atakunywa nini?"

Baba alichukua shoka, akatoka, akarudi na mti mchanga begani. Ulikuwa mbichi, moshi ukatutoa machozi sote, na nilimchukia yule mtaalamu kuliko nilivyowachukia askari. Lakini maji yalichemka, na mtoto akapona.

Asubuhi baba hakupanda mlimani. Alikaa uani akipasua gogo lililobaki. Jirani alipopita na kuuliza kuni nzuri hivi zinapatikana wapi, baba alimwonyesha njia.