Mgeni Aliyemponya Ua

Cheka kwanza, tumalize. Nimechoka kubishana na watu. Lakini haya sikusimuliwa; yalinipata mwenyewe, hapa mjini Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, saa tisa mchana, jua linawaka na mimi sijaonja hata tone la pombe.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa biolojia. Kaka yake anayeishi Dar es Salaam alimletea mnyama wa baharini, kwa treni mpaka Kigoma kisha kwa boti, ndani ya ndoo yenye kipampu cha betri. Ni yule mnyama anayefanana na ua, ana vidole vingi laini, amejishika kwenye jiwe. Sisi tulimwita Ua tu. Mke wangu alimwekea sanduku la kioo sebuleni, maji ya chumvi, pampu na taa ya sola. Nilimtania: ziwa lote hili liko mlangoni, wewe unakoroga bahari kwenye ndoo! Alicheka mpaka akakaa chini. Siku hizo Ua alikuwa wa kahawia, ncha zake za zambarau.

Homa ikamchukua mke wangu. Wakati wa kilio nyumba ilijaa watu wiki nzima, na kila mmoja alichomeka simu yake kwenye betri ya sola. Ningemkataza nani? Taa ya Ua ilizimika, hakuna aliyejali. Watu walipotawanyika nilimkuta mweupe kama ugali wa muhogo, amenywea.

Binti yetu Neema, wa miaka kumi na sita, alinishika mkono. "Papa, huyu asikufe. Mama alituachia yeye."

Basi nikahangaika. Mimi ni fundi cherehani. Najua vitambaa, viumbe vya bahari sivijui. Kila maji yalipopungua niliongeza maji ya chumvi. Nilimtupia mapande ya samaki, akayatema. Taa niliiwasha usiku na mchana. Miezi miwili hiyo, niamini, nilikuwa nalala nimekaa, na Ua alizidi kunywea.

Ndipo siku hiyo mwanamke mmoja akapiga hodi, akaomba maji ya kunywa. Nilitazama kwanza kikwembe chake, kile kitenge alichojifunga, ndiyo kazi yangu. Kilikuwa kipya, maua yake yanaonekana vizuri, lakini rangi hakuna hata chembe. Kitambaa kilichochujuka huwa kimelegea. Hiki kilikuwa kigumu bado, kama kimetoka dukani. Hapo ningefunga mlango, lakini mtu aliyechoka anafikiri saa ngapi?

Alikunywa maji, akasogea kwenye kioo, akachovya kidole, akaonja.

"Papa, unamuchosha," alisema. "Maji inakauka, chumvi inabaki. We unaongeza chumvi juu ya chumvi. Ongeza maji tupu. Mangaribi uzimishe taa, naye alale. Samaki umukatie kadogo sana, mara mbili kwa juma, na yenye atakataa uiondoshe."

"Atapona, mama?"

"Atapona. Lakini mi nitatoka hapa mikono mitupu?"

Kwetu mgeni haondoki hivyo. Nilikuwa nimeshainama, napunguza yale maji makali kwa kikombe.

"Chukua kitu unapenda, mama. Hapa ni kwako."

"Hata hii?"

"Hata hiyo."

Sikugeuka. Nilidhani anaonyesha vipande vya kitambaa vilivyokuwa mezani.

Nilipogeuka alikuwa ameshafika barabarani, na kikwembe chake kilikuwa cha buluu chenye ndege wa manjano. Nilikijua. Nilikishona kwa mikono yangu. Ndicho alichovaa mke wangu kwenye picha iliyo ukutani, na ndicho tulichomzika nacho. Nilitoka mbio. Wenye mototaksi pale kona waliapa kwamba hakuna mwanamke aliyepita.

Nikarudi ndani kuangalia kilichoibiwa. Hakikupungua kitu. Picha ilikuwa ukutani, palepale. Ila mwanamke aliyekuwa ndani yake sikumjua.

Ua amepona. Ilichukua miezi, lakini kahawia imerudi, zambarau nayo, na Neema anafurahi. Kwenye simu ninazo picha nyingi za mke wangu. Nikizifungua naona mama fulani mgeni ananichekea. Sauti yake naikumbuka, utani wake naukumbuka. Sura, hapana. Nimesali, nimefunga, sasa nimechoka hata kuomba.

Juzi Neema alisimama mbele yangu, amejifunga kikwembe kingine cha mama yake.

"Papa, bantu banasema nafanana na mama sana. Ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli. Nilimdanganya mtoto wangu, maana mimi sijui.

Wewe unayenisikiliza, mgeni mkaribishe, mpe maji, mpe na chakula. Lakini akikuuliza "hata hii?", acha kazi uliyoishika, geuka, utazame kidole chake kinaonyesha nini.