Mbwa wa Mzungu Aliyewakusanya Wakwe Zangu

Nawasimulieni, ila msicheke sana, maana aibu yenyewe mpaka leo ikinijia nikiwa peke yangu najifunika uso. Ilikuwa wakati wa vita vya Maji Maji. Mzungu wa shamba la pamba karibu na Kibiti kakimbilia Dar es Salaam kamwacha mbwa wake, jibwa la manyoya mengi, nami nikalichukua (hapo ndipo nilipojiponza), nikalifundisha kufukuza nguruwe mpungani, likajua barabara.

Siku ya kupeleka posa kwa kina Mwanahawa, binti niliyempenda kufa, nikaenda nalo ili mzee wake aone mkwe ana akili. Nikaliacha nje, mbwa hasogezwi kwenye mkeka wa watu. Mjomba wangu ndiyo kwanza anafungua mdomo, tukasikia ukelele, "Askari! Askari wanakuja!"

Basi mbio kwenda porini (dawa ya maji tulikwisha kunywa, lakini miguu haikungoja kuijaribu), na jibwa nalo mbio, ila halikimbii nasi, linatuzunguka! Anayechomokea kushoto linamkatia njia, anayechomokea kulia linamgusa kisigino kwa meno, halibweki, limeinama tu limekodoa macho, mimi napiga kelele "Acha!" kama nilivyolifundisha, wala halisikii. Nani alilifunza hayo? Mara ukoo mzima wa Mwanahawa umebanana katikati ya uwanja, bibi yake kapanda juu ya kinu.

"We kijana," mzee akasema huku anahema, "umetuletea mchungaji atukabidhi kwa askari?"

Bahati yetu, waliotokea walikuwa wachukuzi wa boriti kutoka Nyamisati. Walipotukuta tumesongamana vile wakauliza nani kafariki.

Nikajitetea. "Mzee, sikulifundisha mimi, wallahi. Limezaliwa nayo. Bila shaka baba yake alichunga kondoo huko Ulaya."

Mzee akaniangalia, hasira zimemtoka, sasa ana hamu ya kujua. "Na wewe, baba yako kazi yake nini?"

Nikamwashiria mjomba tuondoke. Baba alikuwa jumbe, ndiye aliyekuwa akikusanya watu wakalime pamba ya Mzungu, na mzee yule naye alikusanywa.

Posa nikarudi nayo, roho inaniuma. Nikaapa sifugi mbwa tena, na sijafuga. Lakini sasa nina watoto, na nikimwona mmoja anawapanga wenzake mstari, namwita upesi aje ale.