Mkanda wa Gobori la Shemeji

Bi Bizimu hakuwa mtu wa kukosea. Mteja akirudisha mkanda ambao matundu yake hayafiki, alimtazama tumboni na kumwambia, "Nilipokupima hukuwa na hilo." Kamba ya mkoba ikikatika, aliuliza kama mtoto anasoma au anabeba matofali. Ngozi ikipasuka, alisema mbuzi mwenyewe alikuwa mkorofi tangu yuko hai. Watu walicheka, yeye akashona upya, na jambo likaishia hapo bila mtu kusikia neno samahani.

Tulikodi chumba kimoja, ubavuni mwa duka la misumari na rangi. Meza yake ilikuwa mlangoni kwa sababu ya mwanga, yangu ilikuwa nyuma. Mimi natengeneza miavuli na kufuli, na si msemaji, kwa hiyo tulielewana. Jina lake lilitokana na bizimu za mikanda alizozitunga kwenye uzi na kuzivaa shingoni kama shanga, ili asihangaike kuzitafuta. Fundi wa ngozi wa kwanza pale alikuwa mumewe. Alipofariki, mke alishika msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, kabla hata viti vya msiba havijarudishwa vilikoazimwa. Wengi walisema hatafika mbali. Nadhani tabia ya kutokubali kosa ilianzia hapo. Angesema nimekosea hata mara moja, wangesema si tulijua.

Aliyeleta gobori alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa mwindaji mwenye kibali, na wakulima walimwita kila nguruwe walipoharibu mashamba. Kisha alipata kiharusi. Mguu ulipona, lakini mkono wa kulia ulipona nusu. Kulenga aliweza, akiegemeza mtutu kwenye panda la mti. Shida ilikuwa kubeba. Mkono wa kushoto sasa ulishika fimbo ya kutembelea, na wa kulia haukuaminika.

"Shemeji, nimekuletea mgonjwa," alisema.

"Wewe au hilo?"

"Hili. Mimi nimeshazoea."

"Lina kitu ndani? Sitaki kufa leo, nina viatu vya watu."

Alichomoa mdeki, ule ufito wa chuma unaokaa chini ya mtutu, wa kushindilia baruti na risasi. Akauachia mdomoni mwa mtutu. Ulishuka, ukagonga chini, ukalia.

"Umesikia? Tupu kama tumbo langu. Kungekuwa na kitu usingelia hivyo."

"Chai iko kwenye chupa. Usinitangazie njaa mbele za watu."

Akanywa chai, ndipo akaeleza. Alikuwa akiishi kwa binti yake. Gobori lilikuwa limemponyoka mlangoni, mbele ya mjukuu, na binti akasema basi, linarudishwa kituoni. Walivutana mpaka wakapatana hivi: baba alibebe mwenyewe hadi kwenye tangi la maji kule juu na kurudi, asimpe mtu amshikie, kisha ashindilie mbele yake, bila baruti, aone kama mkono unaweza. Akiweza, linabaki. Akishindwa, linaondoka.

"Kwa hiyo nataka mkanda," alisema. "Nikilikosa hili gobori nitakaa nyumbani nikihesabu kuku."

"Kuku wenyewe watachoka kukuona," alisema Bi Bizimu, na akaanza kupima.

Gobori lile halikuwa na pete za kufungia mkanda, na mwenyewe alikataa mbao isitobolewe. Nyuma, Bi Bizimu alikishonea kitako soksi ya ngozi, akaibana kwa kamba kama kiatu, na kuweka pete. Mkanda wenyewe aliukata mpana mahali pa bega, akautandika kitambaa cha blanketi kwa ndani, na bizimu akaiweka kifuani, mkono wa kushoto uifikie bila kutafuta.

"Mdomo uangalie juu," shemeji alimwonya. "Ukiangalia chini, risasi itashuka yenyewe."

"Nimeshakusikia. Simama wima, unanipa kipimo cha mtu aliyeanguka."

Mbele aliufunga mkanda kwenye mtutu kama alivyokuwa akifunga mipini ya visu vya wachinja nyama. Alichukua ukanda wa ngozi mbichi uliolowekwa, akauzungusha na kuuvuta kwa meno na mikono, akaanika. Ngozi ya namna hiyo ikikauka inakuwa ngumu kama pembe, wala mpini hauchezi tena. Gobori likalala mlangoni juani kutwa nzima, juu ya viti viwili, na kila aliyepita aliuliza nani amekosana na nani.

Siku ya jaribio binti alikuja na baba yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekuja kuninyang'anya mteja?"

"Nimekuja kuona tu," alisema binti. Hakuwa na ukali. Alionekana hajalala vizuri.

Tulifunga chumba tukawafuata. Mwenye duka la misumari naye alifuata, na wateja wake wawili watatu. Njia ya kwenda kwenye tangi ni ya changarawe na ina mahali pabaya pa mtaro. Mzee alitembea, fimbo mkononi, gobori limelala mgongoni, mdomo juu, limetulia kabisa. Binti alikuwa nyuma yake, mikono ameinyoosha.

"Shusha hiyo mikono," baba alisema bila kugeuka. "Nilijifunza kutembea kabla yako."

Alifika kwenye tangi, akaligusa kwa fimbo, akarudi. Pale mlangoni mwetu alikuwa amelowa jasho, lakini gobori halikuwa limesogea hata kidogo. Mwenye duka alisema mkanda huo ni kazi ya maana. Bi Bizimu alikuwa akizungusha bizimu zake shingoni, na alionekana kuridhika.

"Sasa kushindilia," alisema binti.

Mzee aliweka fimbo pembeni, akafungua bizimu, akalisimamisha gobori kwa mkono wa kushoto. Kwa wa kulia akashika ncha ya mdeki, akavuta. Haukutoka. Akavuta tena. Vidole viliteleza, akavipangusa kwenye suruali, akavirudisha.

"Taratibu, baba."

"Nakwenda taratibu."

Alivuta mara nyingine, na safari hii mkono mzima ulitetemeka mpaka kwenye bega. Akauachia. Aliutazama mkono ule kwa muda, kama kitu alichouziwa kikiwa kibovu. Kisha akamsogezea binti yake gobori.

"Chukua. Nimeona mwenyewe."

Binti alilipokea, lakini hakuondoka. Mwenye duka alianza kuangalia njia, kama vile kuna gari analolisubiri.

Nilikuwa nimesimama karibu na Bi Bizimu. Aliutazama mkono wa shemeji yake, kisha macho yakaenda kwenye ile ngozi iliyokauka, yakabaki hapo. Mkono wake uliacha kuzungusha bizimu. Mkanda ulikuwa umeshasifiwa. Kama angenyamaza, kosa lingebaki kwa kiharusi, na hakuna ambaye angeuliza.

"Lete," alimwambia binti.

Alilibana gobori katikati ya magoti na kuvuta mdeki kwa mikono miwili. Mikono ile kutwa inavuta uzi kwenye soli za viatu. Mdeki haukusogea.

"Mkono wako hauna kosa, shemeji," alisema. "Nilifunga mdeki ukiwa chini ya mtutu, nikazungushia yote pamoja kama mpini wa kisu. Ngozi imekauka imeubana. Nimekosea mimi."

Mwenye duka aliguna. Bi Bizimu alichukua kisu, akakata ile ngozi kuanzia chini, mpaka ikafunguka kama ganda. Akamrudishia shemeji yake gobori.

Mzee alilisimamisha tena na kushika mdeki. Ulikuja polepole, ukisimama na kuendelea, mpaka ukatoka wote. Ilimchukua muda kuupata mdomo wa mtutu, lakini aliupata, akauachia. Ulishuka, ukalia. Akashindilia mara tatu, akauchomoa, akaurudisha mahali pake.

Binti alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Haya," alisema. "Litabaki. Lakini ufunguo wa kabati la kulifungia nakaa nao mimi."

"Kaa nao. Mimi nakaa na gobori."

Jioni hiyo hiyo Bi Bizimu alifunga upya. Safari hii aliutoa mdeki kwanza, akazungushia mtutu peke yake ukanda mwembamba, uliopita katika upenyo ulio kati ya mtutu na mahali pa mdeki, kisha akaurudisha mdeki na kuuchomoa mara nyingi mpaka nikachoka kuusikia.

Shemeji yake aliendelea kupita pale, msimu baada ya msimu, mkanda begani. Kila akija alilalamika unambana, hakika shemeji alipima vibaya, na alisimama akingoja nimekosea ya pili huku akinikonyeza.

Bi Bizimu hakuinua hata kichwa.

"Umenenepa," alimwambia. "Kunywa chai uende."